Matanga Yasiyo na Mfiwa

Huku kwetu Marekani, watu wakikaa pamoja wakati wa baridi, birika la kwanza la chai haliishi kabla mtu hajauliza, "Ile theluji kubwa ilikukuta wapi?" Kila mmoja ana yake, na kila mwaka anaiongezea chumvi. Mimi nikiulizwa nasema ilinikuta kazini Herndon, kisha naomba nipitishiwe sukari. Wameshazoea kudhani sina la kusimulia. Ninalo. Ila kila nikitaka kulitoa, hasira hutangulia, na mwenye hasira hasimulii, hugomba.

Nitajaribu kusimulia bila kugomba. Siahidi.

Mama yangu alifariki mwezi wa pili mwaka ule, siku chache kabla ya theluji. Hakuugua kwa muda mrefu. Alilalamika kifua, wakampeleka zahanati, na kabla hatujakubaliana apelekwe hospitali gani kubwa, akawa ametuacha. Ndugu yangu anayenifuata, ambaye pale nyumbani ndiye peke yake aliyekuwa na simu ya mkononi, alinipigia nikiwa nakunja mashuka ya bibi niliyekuwa nikimtunza. Nilikaa juu ya yale mashuka, nikakaa, mpaka bibi akaniita kuuliza kama gazeti limefika.

Kwenda kumzika sikuweza. Karatasi zangu za kuishi Marekani zilikuwa zimeisha muda, ziko kwa wakili, na watu wa hali yangu wanajua maana yake: ukitoka, umetoka. Tulikuwa wengi wa namna hiyo, watunza wagonjwa, wafagiaji wa maofisi, madereva, na kwa kuwa tulikuwa wengi tukajitungia desturi. Mtu akifiwa nyumbani na hawezi kusafiri, tunakutana nyumba moja saa ileile ya mazishi. Simu inawekwa mezani, sauti inafunguliwa ili wote wasikie. Upande wa pili, ndugu wa marehemu anasimama kaburini na simu yake mkononi. Tunasikia mahubiri, tunasikia wanawake wakiimba, tunasikia hata koleo zikigonga mawe. Ikifika zamu ya watoto kumuaga mzazi, ile simu ya kaburini inasogezwa kwenye kipaza sauti cha mhubiri, na mtoto aliye Marekani anasema maneno yake, kijiji kizima kikimsikia. Ni dakika mbili tatu hivi. Lakini hizo ndizo zinazokufanya uwe umemzika mzazi wako. Asiyesema, hata akituma jeneza la dhahabu, anahesabiwa hakuwepo.

Mimi ni kifungua mimba. Maneno yangu nilikuwa nayo tayari, kwa lugha ya mama, si Kiswahili wala Kiingereza, na nilikuwa nikiyarudia nikiosha vyombo. Nilitaka kumshukuru kwa ukali wake. Mama alikuwa mkali, akanilea hivyohivyo, na majirani walimlaumu kwamba analea binti asiyejua kunyamaza. Yeye aliwajibu kwamba watakaomnyamazisha ni wengi, hana haja ya kuanza nyumbani. Nilitaka majirani haohao, wakiwa wamesimama pale kaburini na nguo zao za Jumapili, wasikie kwamba nilikuwa namshukuru kwa hilo.

Mipango yote ya msiba iliwekwa mikononi mwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, na hapo sikuwa na wasiwasi hata chembe, kwa sababu mimi na mwenyekiti tulikuwa chanda na pete. Tuliingia nchi hii mwaka mmoja. Tulilala chumba kimoja, na baridi ya kwanza ilitukuta na koti moja zito kati yetu. Aliyekwenda kazini ndiye aliyelivaa. Kwao na kwetu ni kilima kwa kilima, lugha ni ileile. Kazi ya Herndon yeye ndiye aliyenitafutia, na nikihitaji kupumzika ndiye aliyenishikia zamu, kwa hiyo bibi alimjua. Alipochaguliwa mwenyekiti, ni yeye aliyetaka leso zetu za kikundi ziandikwe Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Siku hiyo nilipiga makofi kuliko wote.

Kazi ya kumtunza mtu nyumbani kwake ina sheria moja isiyo na mjadala: huondoki mpaka anayekupokea aingie mlangoni. Bibi alikuwa hawezi kujigeuza kitandani, na akishakula hakumbuki kama amekula. Mwanawe wa pekee aliishi California na alinipenda sana kwa simu. Kama hapakuwa na mtu wa kunipokea, ningebaki pale hata nyumba ingeungua.

"Ijumaa adhuhuri nitakuwa mlangoni," rafiki yangu aliniambia. "Nitakaa na bibi yako mpaka uchoke kulia. Wewe nenda kwa mama, usiwaze kitu."

Mazishi yalikuwa Jumamosi. Matanga yetu yangekuwa nyumbani kwa mzee wa kanisa na mkewe, Silver Spring, upande wa pili wa mji, kwa sababu walikuwa na sebule kubwa na simu nzuri ya mezani.

Theluji ilianza Ijumaa asubuhi, laini, kama unga unaochekechwa. Bibi alifurahi. Nilimsogeza karibu na dirisha aitazame, akaitazama kidogo, akauliza kama gazeti limefika. Kufikia adhuhuri sikuiona tena barabara. Kufikia alasiri gari langu dogo lilikuwa kichuguu kati ya vichuguu. Redio ilisema watu wasitoke, mabasi yamesimama, treni za juu ya ardhi zimesimama, ndege za Dulles haziruki. Jirani wa ng'ambo, mwanamume wa miraba minne, alitoka na koleo, akachimba kidogo mbele ya mlango wake, akaitazama kazi iliyobaki, akarudi ndani. Nilimcheka peke yangu dirishani. Hicho ndicho kicheko changu cha mwisho wiki ile.

Rafiki yangu alipiga simu jioni. Yeye alipanga chumba Shaw, mjini, kule karibu na chuo.

"Dada, nimekwama," alisema, kwa sauti ya mtu aliyetoka kulia. "Gari imefunikwa yote. Nime-try ku-dig, imenishinda. Haki ya Mungu, nimejaribu."

"Hakuna mtu mwenye gari kubwa? Four-wheel?"

"Nimeuliza wote. Hakuna. Hata huko kwa mzee sijui kama watu watafika. Mimi mwenyewe siendi popote, niko tu hapa kwa chumba."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Theluji nilikuwa naiona kwa macho yangu. Nikamwambia, basi, kama siwezi kufika, waniunganishe. Simu ya mzee wa kanisa iliweza kuunganisha watu watatu, tulishawahi kuitumia hivyo kwenye msiba mwingine. Mimi Herndon, wao Silver Spring, ndugu yangu kaburini, sote tungekuwa kwenye laini moja.

"Si hiyo ni rahisi?" alisema. "Nitawaambia. Kesho saa moja asubuhi kaa karibu na simu ya bibi. Usipige popote, usije ukaziba line. Tutakupigia sisi."

Usipige popote. Niliyapokea maneno hayo kama upendo.

Saa moja asubuhi yetu ni saa tisa alasiri ya nyumbani, saa ya kuteremsha jeneza. Nilimlisha bibi mapema, nikambadilisha, nikamgeuza. Mimi nikajifunga kitambaa cheusi kichwani, nikavuta kiti mpaka kwenye simu ya ukutani jikoni, nikaketi nikiwa nimekunja mikono. Nje palikuwa kimya kabisa, maana theluji nyingi hivyo humeza kila sauti. Saa moja ikapita. Nikajiambia mhubiri amerefusha. Wahubiri wa kwetu ukiwapa kipaza sauti, kukirudisha ni kazi. Bibi akaita kuuliza gazeti. Nikaenda, nikamwambia halijafika, nikarudi mbio nikiogopa simu imelia nikiwa sipo. Ilikuwa haijalia.

Mwishowe nilipiga mimi. Nyumbani kwa mzee wa kanisa: inatumika. Nikachukua kadi ya kupigia nyumbani, nikabonyeza zile namba ndefu, ile sauti ya kike iliyorekodiwa ya kadi ikanitangazia kwamba nina dakika nyingi tu zilizobaki, halafu simu ya ndugu yangu nayo: inatumika. Nikarudi kwa mzee. Inatumika. Kwa ndugu yangu. Inatumika. Nilijua maana yake. Laini zile mbili zilikuwa zimeshikana zenyewe kwa zenyewe. Mazishi yalikuwa yanaendelea, yakisikika sebuleni Silver Spring, yakisikilizwa na kila aliyefika pale na sahani yake, isipokuwa mimi mwenye mama. Nilipiga mpaka kidole kikauma. Hivyo ndivyo nilivyomzika mama yangu, kwa kusikiliza mlio wa simu inayotumika.

Maneno yangu niliyasema hata hivyo. Niliyasema pale jikoni, kwa lugha yetu, nikiwa bado nimeshika simu sikioni. Nilisema kwa sauti, maana sijui kusema vingine. Bibi akaitikia kutoka chumbani, "Thank you, dear," akidhani namsemesha yeye.

Mchana rafiki yangu akapiga.

"Pole sana mpenzi. Nasikia mazishi yalikwenda vizuri."

"Hawakunipigia," nikamwambia.

"Eh! Hawakukupigia? Labda ni network, dada. Labda huko nyumbani line ilikuwa mbaya. Usiwalaumu watu, wamefiwa pia. Yote ni mapenzi ya Mungu."

Nilitaka kumpigia ndugu yangu, lakini simu yake ilikuwa imezimika. Nyumbani kwetu wakati ule hakukuwa na umeme, simu ilipelekwa sokoni kuchajiwa, na baada ya mazishi ni nani angeenda sokoni? Ilibaki hivyo wiki nzima. Wale wa Silver Spring nao hawakupiga. Nilidhani ni theluji, kila mtu na shida zake.

Jumanne, barabara zilipofunguliwa, rafiki yangu alikuja kunipokea. Alinikumbatia mlangoni, tukalia wote wawili, koti lake likiwa bado na baridi ya nje. Alikuwa ameniletea chapati, zimefungwa kwa kitambaa ndani ya bakuli la plastiki. Nilizila nimesimama palepale jikoni, nikimshukuru kati ya tonge na tonge, kwa sababu tangu Jumamosi sikuwa nimekula cha maana.

Jumapili nilikwenda kanisani. Ibada yetu ya Kiswahili huwa alasiri, wenye kanisa wakishamaliza yao, na baada ya ibada tunateremka chini kunywa chai. Niliposhuka zile ngazi nilitegemea kukumbatiwa. Akina mama walinipa mikono, lakini mikono ya ncha za vidole. Mke wa mzee wa kanisa, ambaye alikuwa akiniita mwanangu kwa furaha, aliniita mwanangu kwa namna nyingine.

"Pole, mwanangu. Kazi ni kazi. Lakini mama ni mmoja tu."

Sikuelewa. Nyuma yangu, karibu na mtungi wa chai, mtu akasema kwa sauti ya chini, "Dola nazo zina utamu wake." Nikageuka. Wote walikuwa wanakoroga chai. Mimi si mtu wa kuachia neno kama hilo lipite, lakini nilikuwa mfiwa, na mfiwa hapigani. Nikaketi kwenye kiti cha mwisho.

Basi hadithi za theluji zikaanza, ndiyo Jumapili ya kwanza watu kuonana tangu barabara zifunguliwe. Muuguzi mmoja, Mkenya mwenzangu, alieleza alivyolala hospitalini siku tatu kwenye kitanda cha wagonjwa, mpaka daktari mgeni akaja na kutaka kumpima presha. Watu wakacheka. Mama mmoja alisema maduka yaliisha mkate na maziwa lakini unga wa ugali hakuna aliyeugusa, ndio uliomwokoa. Bintiye akadakia, "She made us eat it with ketchup," na watu wakacheka zaidi. Mkongomani mmoja, mtu mpole sana, alisema, "Miye nilichimba voiture asubuhi mpaka saa ya kula, vraiment, migongo ikavunjika. Nasukuma ufunguo, haiingii. Kumbe si yangu! Yangu iko ya pembeni, chini ya theluji ingine." Hata mimi nilitabasamu.

Ndipo akasimama yule Mtanzania. Kila mtu alimjua, mtu mnene, mcheshi, mwenye pikapu kubwa ambayo msimu wa baridi huifunga jembe la chuma mbele akasukuma theluji kwenye viwanja vya maduka. Sikujua kwamba alikuwa na uhusiano wowote na msiba wangu.

"Jamani, mimi bwana nilifanywa teksi," alisema. "Mzee kanipigia Ijumaa, kaniambia, kijana, una gari la theluji, kamchukue mwenyekiti Shaw umpeleke Herndon akampokee mwenzake, yule mfiwa umlete huku. Nikasema hakuna shida. Nina kiwanja nasafisha karibu na Dulles, kingine hapahapa Silver Spring, Herndon ni njia yangu. Nafika Shaw, namwona mwenyekiti huyo anashuka ngazi na sufuria la unga uliokandwa, kalifunika leso, kalibeba kama mtoto mchanga! Nikamwambia, mama, shikamoo, unga wa nini Herndon? Akasema, mipango imebadilika, mfiwa kasema hawezi kumwacha bibi yake, twende msibani tukapike chapati. Haya. Kila nikishika breki sufuria linataka kuruka dirishani, mama kalikumbatia anaomba kwa sauti! Nikamfikisha, nikaenda zangu Dulles peke yangu."

Watu walikuwa wanashika mbavu. Mimi nilikuwa nimesimama, na sikumbuki kusimama.

"Ulipita Herndon?" nilimuuliza.

"Aa, dada, mbona wikendi nzima. Kwenda na kurudi, gari tupu."

Gari tupu. Nilimtafuta rafiki yangu kwa macho. Alikuwa anammiminia mtu chai, na aliendelea kumimina akitazama kikombe tu, mpaka chai ikafurika kwenye kisahani.

"Mimi sikusema siwezi kumwacha bibi," nilisema. Nilisema kwa wote, na sauti yangu ni ya kusikika. "Nilikaa nikimngoja. Aliniambia amekwama kwa chumba chake Shaw."

Kicheko kilikatika. Mke wa mzee wa kanisa aliweka kikombe chini. Rafiki yangu alikuja akanishika kiwiko, taratibu, kama mtu anayemwondoa mlevi kwenye harusi, akanitoa mpaka kwenye kijia cha kutundikia makoti. Nilikubali kutolewa. Nilitaka kumsikia.

Hakukana. Ningependa kuandika kwamba alilia, akapiga magoti, lakini alinitazama kwa macho makavu ya mtu aliyeeleweka vibaya.

"Ungenipokea tu," nilimwambia. "Ndicho pekee nilichokuomba."

"Na mimi nikae Herndon na mzungu, wenzangu wote wako msibani?" alisema. "Dada, wewe huwajui watu wetu? Mwenyekiti akikosa matanga, watasema nini? Hakuna mtu angesema nilikuwa nakushikia zamu. Wangesema nilikuwa kazini."

"Mimi ndiye wanayesema nilikuwa kazini."

Alinyoosha koti moja lililokuwa limetundikwa vibaya.

"Na simu?" nilimuuliza. "Hukuwaambia waniunganishe."

"Ungesikia sauti yangu pale," alijibu, kwa urahisi, kama anayeeleza kwa nini alifunga dirisha.

Nilisimama katikati ya makoti ya watu nikaipanga hadithi yote kichwani. Alitaka kuonekana matangani, basi akanidanganya amekwama. Kwa kuwa alinidanganya amekwama, hakuweza kuniacha nisikie mazishi. Na kwa kuwa sikusikika kwenye mazishi, ilibidi pawe na sababu, akawapa sababu: kazi imemshika, amesema asisumbuliwe. Ndiyo maana hawakunipigia. Uongo mmoja ulikuwa umezaa mwingine, na wote umenikalia mimi. Kilichonichoma zaidi ni kwamba juu ya watu wetu alikuwa amesema kweli. Siku ile, mtu ambaye angeketi kimya na bibi wa Kizungu Herndon ndiye peke yake angekuwa amenisaidia kumzika mama, na hakuna hata mmoja ambaye angemhesabu. Waliohesabiwa ni waliokaanga chapati kwenye matanga yasiyo na mfiwa. Nami nilikuwa nimezila hizo chapati, nikashukuru.

"Lakini sikukuacha hivihivi," alisema, sasa akiwa mpole, mkono wake begani kwangu. "Ilipofika zamu yako, nilikusemea, kana kwamba ni wewe. Kwa lugha yetu. Nililia, dada. Uliza mtu yeyote pale ndani. Nilikulilia vizuri kuliko ambavyo wewe ungelia, na hizo hasira zako."

Nilimwambia neno ambalo sitaliandika. Nikachukua koti langu nikatoka.

Watu walisikia, najua walisikia, mlango ulikuwa wazi. Mke wa mzee wa kanisa alinipigia jioni ile akaniomba radhi, na nilimwamini. Wengine waliamua hawakusikia kitu. Kikundi kutafuta mwenyekiti mpya ni usumbufu, na yeye alikuwa mwenyekiti mzuri, msiba wa mtu yeyote haukumpita. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi huyu nilishaivaa nguo moja naye, kwa zamu, baridi nzima, na sikuhisi kitu.

Jumatatu asubuhi simu ya ndugu yangu ikaita hatimaye. Alikuwa amekwenda Nairobi na baba ili baba apimwe. Nilikuwa nimeshapanga la kusema. Ningewaambia kwamba aliyelia kaburini si mimi, kwamba mimi nilikuwa jikoni kwa watu nikisikiliza mlio, na kwamba maneno yangu bado ninayo, niwape sasa. Usiku kucha nilikuwa nimeyapanga, na niliyapanga kwa ukali.

"Dada, uliwaliza watu wote," ndugu yangu alisema kabla hata ya salamu. "Hata mhubiri alitoa kitambaa. Ngoja, baba anakutaka."

Baba husema na simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde.

"Mwanangu! Nilikusikia!" alisema. "Sauti ilikuwa inakatikakatika, lakini nilikusikia. Shangazi yako akasema, huyo analia kama mama yake kabisa. Tangu mama yenu atutoke sikuwa nimepata usingizi. Siku ile nililala."

Nilihamishia simu sikio la pili.

"Na lile la Desemba nimelishika," baba akaendelea.

"Lipi, baba?"

"Lile uliloahidi. Kwamba Desemba unakuja kumjengea mama yako kaburi kwa mikono yako mwenyewe. Ndugu zako walitaka kuita fundi wiki hii, nimewakatalia. Nimewaambia mtoto ameahidi mbele ya watu, na mama yake alikuwa bado hajafunikwa. Au nimesikia vibaya?"

Rafiki yangu alizijua karatasi zangu kuliko wakili. Alijua fika kwamba Desemba ile singeweza kutoka, wala Desemba iliyofuata. Aliahidi kwa sababu ndivyo watu wasemavyo makaburini, yanapendeza masikioni, na si yeye aliyekuwa akingojwa.

Baba alikuwa anapumua kwenye simu, akisubiri. Nilimsikia ndugu yangu nyuma akimwambia aisogeze karibu na mdomo.

"Umesikia vizuri, baba," nilisema. "Ni mimi niliyesema."

Desemba ilipofika nilimwambia ni kazi. Desemba nyingine nilimwambia ni wakili. Hakunigombeza, na hakukubali fundi aitwe. Ndugu yangu alinieleza kwamba kila msimu wa mvua udongo wa lile kaburi hutitia, na baba hutoka na jembe lake, akaurudishia, akaupigapiga kwa miguu. Mpita njia akimuuliza mbona hamjengei mkewe, humjibu kwamba mwenye kazi hiyo yuko njiani.